Sanduku Lililokuwa Bado Linanuka

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka seremala tuliyezoea kumwita Fundi Msasa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nyumba za vyura, masanduku ya mbao. Ndiyo, vyura. Majirani walimtania: "Vyura unawajengea, na paa lako linavuja!"

Lakini sikilizeni ugumu wake. Mbao za nyumba ya chura hulowa mchana na usiku. Zisipopakwa vanishi, zinaoza. Na chura hunywa maji kwa ngozi. Vanishi isipokauka hadi ndani, inamuua. Mkono utakudanganya kwamba imekauka. Pua ndiyo inayojua.

Na Fundi Msasa hakuwa na pua. Vanishi za ujanani zilimmalizia uwezo wa kunusa. Aliyenusa ni mkewe. Alikuwa akiingiza kichwa sandukuni, kisha anatoa hukumu: "Bado," au "Haya, wapeleke." Fundi alikuwa akicheka: "Wenzangu wameoa mke, mimi nimeoa pua."

Mwaka huu kituo cha kutunza wanyama kilibakiwa na vyura wawili tu wa aina yao, dume na jike. Sanduku lao likaoza. Wakahamishiwa kwenye beseni, wakagoma kula. Fundi naye mapafu yalikuwa yamekwisha. Hata hivyo alijikokota hadi karakana. Akapiga msasa, akapaka vanishi nyembamba, akasubiri, akapaka tena. Mara mvua zikaanza, na vanishi ikakataa kukauka.

Binti yake anasimulia: "Baba alilala sebuleni, sanduku likiwa kando yake. Kila asubuhi mama ananusa, anasema, 'Bado.' Siku moja baba akamshika mkono, analia. 'Mama watoto, niambie tu halinuki. Niwaone wakiingia. Sina muda.' Mama naye akalia. 'Linanuka, baba watoto. Nikikudanganya, watakufia mikononi.'"

Fundi Msasa alifariki sanduku likiwa bado linanuka. Hakuwaona wakiingia. Narudia kwa sababu inaniuma: hakuwaona.

Baada ya mazishi jua lilitoka. Mtunzaji wa vyura akawa anapiga simu, jike anazidi kudhoofu. Mjane ananusa, anasema, "Bado." Kesho yake, "Bado." Mwishowe binti akainama akanusa mwenyewe.

"Mama, mbona halinuki?"

"Najua, mwanangu. Tangu juzi halinuki. Baba yako alikuwa ananukia vanishi miaka yote. Nilikuwa naitafuta harufu yake."

Siku hiyohiyo sanduku likapelekwa.

Kwa mjane, kwa binti, kwa ndugu wote, poleni sana. Hatuna la kuwapunguzia uchungu. Nanyi mnaosikiliza, huyo mliye naye nyumbani ananukia nini akirudi kazini? Jioni ya leo msogeleeni.

Asubuhi hii nilimpigia mjane. Aliniambia vyura wameingia, na dume amekula.

Nikauliza, na jike?

"Bado," akasema.