Vijidudu vya Profesa

Benchi letu liko nyuma ya ghala la matikiti, bandarini Nuku'alofa, Tonga, na kuanzia saa tisa alasiri halikosi watu. Kahawa wanywe wa ofisini. Sisi ni kava, maji ya mzizi uliosagwa. Anayetukorogea kwenye beseni ni Sisilia, maana desturi inataka binti asiye ndugu yenu, mumtanie mpaka mchoke. Miezi minane namtania, na moyoni si utani. Nilijiapiza Alhamisi hii lazima niseme. Sasa Uhila, tunayemwita Profesa, karudi kutoka meli ya utafiti alikoenda kuendesha winchi, mashine ya kushusha vyombo baharini, na tangu hapo Sisilia hana masikio kwa mtu mwingine. Mimi wananiita Nanga, kwa sababu nikikaa siondoki.

— Chini kule, Profesa akaanza, miamba inatema maji ya moto. Vijidudu vinakaa pembeni, jua havilijui, vinaishi kwa kaboni iliyoyeyuka majini. Leo tele, kesho hamna.

— Ikikosekana je? Sisilia akauliza, mkono umesimama ndani ya beseni.

— Hapo ndipo penye utamu! Vinaongeza pampu mwilini, vinavuta hata ile chembe iliyobaki. Na ndani vina visanduku. Kaboni inafungiwa humo pamoja na fundi wa kuipika. Wanasayansi walivipunguzia kaboni kwenye chupa, pampu zikazidi!

— Jamani! akasema Sisilia.

Hiyo "jamani" iliniuma. Mimi sijawahi kupewa "jamani".

— Uongo, nikasema. Wewe ulikuwa kwenye winchi. Uliviona kwa jicho lipi?

— La darubini, Nanga. Waliniita.

— Mimi naamini, akasema Mzee Tikiti, mwenye ghala. Ila vitakwisha. Mficha uchi hazai, navyo vinajifungia sandukuni.

— Mzee, vinazaana kila saa moja!

— Si ndiyo hiyo? Vimejificha vizae. Methali haijakosea.

— Ni uchoyo tu, nikadakia. Hapa Tonga uwe na sanduku, shangazi yako anakuja, anafungua, anabeba, na wewe unasema asante.

Benchi likacheka. Sisilia naye akacheka, nikapata nguvu kama dakika moja hivi.

— Kumbe havina shangazi! Mzee Tikiti akapiga paja. Basi si vijidudu hivyo. Ni watu wa ufalme uliozama, walikimbilia chini kuwakwepa mashangazi. Na ule moto ni tanuri lao la kupikia chakula cha Jumapili!

— Chekeni tu, Profesa akasema. Kaboni ikiadimika, kijidudu hakinuni. Kinazidi kuvuta.

Sisilia akanigeukia.

— Na Nanga je? Akinyimwa hufanyaje?

— Hunyamaza, Mzee Tikiti akanijibia. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nilichokiona ni mkono wa Sisilia tu, unamjazia Profesa kifuu cha kava hadi pomoni. Changu kilikuwa nusu. Nilitamani ile meli irudi imchukue, safari hii imwache hukohuko.

Ndipo akatokea mama yake Sisilia, ambaye hajawahi kukanyaga hapo, kajifunga kiunoni mkeka wa heshima. Tukakaa sawa.

— Sikai, akasema. Nina swali moja. Wazee wa kisiwa cha Vava'u wako kwangu tangu asubuhi, wameleta mikeka, wanamposea kijana wao. Mwanangu kaniomba nisiwajibu kwanza, eti hapa benchini kuna mtu. Ni nani?

Sisilia akainamia beseni. Mzee Tikiti akakohoa. Mimi nikamkodolea macho Profesa, nikingoja ajitaje nimchukie vizuri. Naye akawa anakuna goti.

— Haya, akasema mama. Nimesikia.

Sisilia akafuta mikono kwa kitambaa, akakiacha kwenye benchi, akasimama, wakaondoka.

— Nanga, vipi wewe? Profesa akaninong'oneza. Mbona hukusema? Unanitazama mimi, mimi si nina mke, na uko naye kwaya moja?

Nikanyanyuka mbio.

— Sisilia!

Wakageuka wote wawili. Sisilia alikuwa anangoja, na niliona kabisa kwamba anangoja.

— Umesahau kitambaa, nikasema.

Akarudi, akakichukua, akasema asante.