Meno Mangapi kwa Gari la Oili

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu mbele ya kituo cha mafuta cha Lehtomäki, na kila Jumamosi asubuhi, mvua inyeshe jua liwake, wakaaji ni wale wale watatu. Yupo Reijo, aliyebatizwa Profesa tangu alipotengeneza mashine ya kufulia ya kanisa ikaanza kukamua kinyumenyume. Yupo Sulo Mkaa, dereva mstaafu wa treni, mtu wa kuongea mpaka kahawa inampolea mkononi. Na yupo Kauko, ambaye hana jina la utani kwa sababu hajawahi kufanya jambo la kuchekwa. Siku hiyo alikuwa analitafuta.

Kesho yake binti yake Oili alikuwa anashindana mbio za mwisho za msimu, zile za uwanja wa changarawe. Gari ambalo Kauko alimjengea kwa majira matatu ya baridi lilikuwa na ugonjwa: injini ikifika mizunguko elfu nane kwa dakika, inakohoa kama mbuzi. Kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna gurudumu la chuma lenye meno sitini, mawili yameng'olewa makusudi. Sensa, kidude cha kuhisi, inasoma kila jino linapopita, na lile pengo ndilo linaloiambia kompyuta ya injini kwamba mzunguko umeanza upya. Kwa kasi ile, kompyuta ilikuwa inapoteza hesabu. Tenho, fundi wa kerezo, mashine ya kuchongea vyuma, alikubali kuchonga gurudumu jingine, mradi apigiwe simu kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo anaingia sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, na simu haiingii naye.

— Weka mia na ishirini, Sulo akasema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Akili za treni hizo, Profesa akamjibu. Kompyuta imeshindwa na sitini, wewe unaiongezea?

— Itazoea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Profesa alitaka meno kumi na mawili, na sensa ya waya tatu badala ya ile ya sumaku na koili, inayodaka kila kelele ya plagi. Hapo, ajabu ya Mungu, alisema kweli. Akaharibu mwenyewe: kama meno machache ni mazuri, basi jino moja ni zuri zaidi. Sulo hakukubali kushindwa. Akasema yang'olewe yote, sensa ikae pale ikisikiliza, maana kimya kingi kina mshindo mkuu. Au Oili ahesabu mwenyewe kwa mdomo. Profesa akapiga hesabu kwenye karatasi ya kufutia mikono: mizunguko elfu tisa kwa dakika ni mia na hamsini kwa sekunde. Wakakubaliana kwamba mtoto ameimba kwaya miaka saba, pumzi anayo.

Kauko aliuliza jambo moja tu: kwa meno kumi na mawili, elfu tisa itafika?

— Itafika na kupita. Kesho utaona mwenyewe, Profesa akasema. Chema chajiuza.

Kauko akapaliwa na kahawa. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi. Sheria ya mbio zile ni moja: kila gari lililokimbia linatangazwa kuuzwa jioni ile ile kwa bei moja ya chini, liwe kito liwe chuma chakavu. Anayelitaka anaandika jina, kura inapigwa, na ukigoma unanyang'anywa leseni. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu hamalizii majira matatu ya baridi kwenye injini moja. Msimu mzima kile kikohozi ndicho kilichomlinda Kauko, kwani nani aandike jina kwa ajili ya mbuzi?

Wazee wakageuza shauri. Sasa lilitafutwa gurudumu la kushinda lakini lenye kuonekana gonjwa. Sulo akataka jino moja lichomelewe upande, injini ikohoe mbele ya watazamaji tu. Profesa akataka sensa ikae juu ya springi, isome vizuri nyuma ya miti na vibaya mbele ya wanunuzi. Kauko, mtu mzima, akaanza kuichora springi hiyo.

Oili akaja kujaza mafuta, ovaroli mwilini. Siku nyingine hulipita benchi lile, lakini leo alisimama. Akautazama ule mchoro.

— Baba, unataka nishinde, au unataka gari?

Kauko akakumbuka mbio zote ambazo binti huyu amemaliza wa mwisho bila kunung'unika hata mara moja, naye akimpa pole huku moyoni akishukuru kwamba gari limesalimika. Akaona aibu, aibu ya kweli.

Saa sita kasoro dakika nne akampigia Tenho.

— Meno kumi na mawili, ng'oa moja, alisema. Na chonga magurudumu mawili, Tenho. La pili ni la gari nitakaloanza kujenga Jumatatu.