Mama Sentimita, Aliyeyapisha Maji

Mwaka 2004, kwenye mkutano wa mtaa ulioitishwa kuzungumzia watoto wanaoshinda vibarazani, shangazi yetu alisimama bila kupewa nafasi akasema: "Nipeni watoto wenu Jumamosi moja tu. Nitawarudisha wachafu, wana njaa, na hawataki kurudi nyumbani." Mwenyekiti alimuuliza nani atafua hizo nguo. Akajibu kwamba nguo zenyewe kazishona yeye, anajua zinavyostahimili. Watu wakacheka, wakampa watoto. Kati yetu tuliokusanyika hapa leo, nusu ni hao watoto, na nusu ni waliofua.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sentimita kwa sababu ya tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake hata kwenye harusi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi seremala na mkewe mkulima. Bibi alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa amekunja ngumi. Waliomjua wanasema hakuwahi kuikunjua, isipokuwa kushika mkasi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha akaingia chuo cha ushonaji mwaka 1974. Mwaka uliofuata alipata cheti chake. Yaani, tofauti na baadhi ya watu wa ukoo huu wenye diploma zilizoishia katikati, yeye alimaliza alichoanza. Alikuwa akitukumbusha kwa upole kwamba suruali ya mguu mmoja haina mteja.

Mwaka 1979 alifungua kibanda chake cha kushona sare za shule, mkabala na gereji. Kila Januari watoto walipanga foleni hadi barabarani. Aliwajua kwa viuno vyao. Majina aliyasahau, lakini ukipita alikwambia umekonda na akataka kujua kwa nini.

Hapo kibandani ndipo alipokutana na mumewe, dereva wa lori, aliyeleta suruali ile ile kuzibwa mara nne. Mara ya nne Shangazi aliigeuza, akaitazama, akasema, "Hii imechanwa na wembe. Ukitaka kuniona, pita tu. Usiniharibie suruali." Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1981 na kujaliwa watoto watatu. Mzee bado anaihadithia habari hiyo kwa majivuno, kana kwamba hakukamatwa.

Jumamosi zake zilianza kwa swali, siku chache kabla ya mkutano ule wa mtaa. Alikuwa anampima mtoto sare, akamuuliza maji yanatoka wapi. Bombani. Na kabla ya bomba? Kwenye tangi. Na kabla ya tangi? Mtoto akamwambia hapo amuulize baba. Shangazi alifunga kibanda, na Jumamosi iliyofuata akaongoza msafara wa watoto hadi chemchemi iliyo kilimani, nyuma ya tanuri la matofali. Kila mmoja alimpimia kwa tepu kipande cha ardhi, mita mbili kwa mbili. Hulimi humo, hufagii, hung'oi. Unakaa kimya mpaka ujue nani anaishi humo, anakula nini na anamwogopa nani. Watoto ambao nyumbani hawakujua chumvi inawekwa wapi waliweza kukwambia siafu wao wamehamia upande gani. Wengine walianza kuwaamkia mijusi.

Mwaka 2006 tukaletewa miche ya mikaratusi, lori zima, bure. Kila mtoto alipanda wake, na Shangazi wake, kuizunguka chemchemi, na kila Jumamosi Mama Sentimita alipita na tepu. Fundi wa sare hana furaha kubwa kuliko kuona mtoto kaongezeka inchi, kwa hiyo miti nayo ilipimwa kama wateja. Ikirefuka, tunashangilia. Wageni waliletwa kuiona, wakapigwa picha wameegemea. Kwa miaka sita tulipima miti, na hakuna aliyepima maji.

Aliyeshtuka ni binti wa muuza mkaa, mpole ambaye sauti yake ilikuwa haijasikika sana hadi siku hiyo. Alisema, "Shangazi, vyura wangu wamehama." Shangazi alicheka, kisha akaenda kutazama, akaacha kucheka. Pale palipokuwa na maji ya kuchota palikuwa na tope la kuchafua kidole. Bwana miti aliitwa. Akaeleza kwamba mikaratusi hunywa maji mengi mno, na ikizingira jicho la chemchemi namna ile hailiachii tone. Ikibaki, chemchemi itakufa. Ikikatwa, chemchemi huenda ikafa vilevile.

Jumamosi hiyo aliwakusanya vijana. Wengine walikuwa wameshaota ndevu. Hakuzunguka. "Nimekosea," aliwaambia. "Niliwapa miti hii mimi, nikawafurahisha nayo mimi. Naanza na wangu." Akaukata. Fundi wa gereji alipita akasema leo Mama Sentimita anakata bila kupima. Shangazi akampa shoka aliyefuata.

Kijana mmoja, tuliyemwita Kaptura, alikumbatia mti wake akakataa. "Huu ni wangu. Umenipimia mwenyewe." Shangazi akakaa chini karibu naye. "Ndiyo maana sitaugusa," alisema. Walikaa hapo, wengine wakikata, mpaka mti wa Kaptura ukabaki peke yake. Kisha kijana akanyoosha mkono kuomba shoka. Kaptura ni mmoja wa waliobeba jeneza leo asubuhi.

Kilichofuata ni kejeli. Kilima kilikuwa na visiki tu, na mtaa uliuliza mwanamazingira gani huyu. Wazazi waliwarudisha watoto wao vibarazani. Visiki vilichipua, vikang'olewa machipukizi, vikachipua tena. Shangazi aliendelea kwenda kila Jumamosi na wachache waliobaki, wakikaa kwenye vipande vyao kutazama ardhi kavu. Mumewe anasema usiku alikuwa macho, akiuliza kama amewafundisha vijana kupenda kitu ili waje wakizike.

Maji yalirudi tarehe 10 Mei 2014. Hayakurudi pale yalipokuwa zamani. Yalitokea kwenye kipande cha binti wa muuza mkaa, chini ya jiwe, bila kelele, membamba kama uzi. Punje za mchanga zilikuwa zikirukaruka mahali pamoja kana kwamba kuna kitu kinapumua chini yake. Watu walipiga magoti bila kuambizana. Fundi wa gereji aliyekuja kucheka alivua kofia, na hakujua aiweke wapi. Shangazi, mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alitazama mpaka kivuli chake kikahama. Ndipo akasema, "Sisi hatukuyaleta. Tumeyapisha tu." Tangu siku hiyo, hata wasiokwenda ibadani wakifika pale hupunguza sauti.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kupanuka. Daktari alimkataza kupanda kilima. Alitii: hakupanda, alibebwa. Vijana walimchukua kwa kiti cha kibandani, wakipokezana, naye akiwaelekeza njia waliyoijua. Mara ya mwisho ilikuwa Agosti mwaka huu. Alitumbukiza miguu majini, chura akamrukia gotini, akatuashiria tusimguse. Alilazwa tarehe 28 Oktoba, na akafariki dunia alfajiri ya tarehe 2 Novemba 2023, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na mitano.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, kaka wawili, wapwa na watoto wa kaka wasiohesabika, na vijana wa Jumamosi, ambao sasa wana watoto wao na wamewapimia vipande. Shangazi, umetuchafua vizuri. Lala kwa amani.

Familia inawaomba jambo moja. Visiki vya mikaratusi bado vipo, na jicho la chemchemi bado linapigwa na jua. Panahitaji mikuyu, miti ambayo bwana miti amethibitisha kwamba inakaa na maji bila kugombana nayo. Kwa hiyo msilete mashada ya maua. Vijana wako getini na miche, na shimo atakuonyesha binti wa muuza mkaa. Mche mmoja ni shilingi mia tano.