Mwalimu Natanaeli na Shujaa Aliyecheka

Marehemu Mwalimu Natanaeli Kashindi alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kiliba, karibu na Uvira, Kivu Kusini. Alisoma Kiliba, kisha akahitimu ualimu wa fizikia Bukavu mwaka 1992. Alifundisha Uvira mpaka vita vilipomnyang'anya nyumba na kaka yake. Aliingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2012 akiwa na shati moja na ubishi wake wote.

Hapa Juru, upande wetu wa kambi, alilima maharage. Jumamosi mchana aliwaonyesha watoto katuni za mashujaa wa angani katika kibanda cha video, akiwatafsiria kwa Kiswahili. Chombo cha angani kikilipuka kwa kishindo, alisimamisha filamu: "Uongo! Kule hakuna hewa. Mulio unapita wapi?" Shujaa akitoka nje bila kofia ya hewa, alisimamisha tena. Watoto walilalamika, lakini hawakukosa kuja.

Siku moja sayari ya shujaa iliteketea, na punde si punde shujaa akacheka. Mwalimu alizima kabisa. "Hii ni mubaya kupita ile ya mulio. Mutu mwenye alipoteza kwabo hawezi kucheka!"

Ancilla, mjane kutoka Burundi aliyeuza maandazi mlangoni, akamjibu: "Mwalimu, mimi pia nilipoteza kwetu. Na asubuhi nilikuona ukianguka mu matope, nikacheka mpaka maandazi yakaungua."

Tangu afike Nakivale, hakuna aliyewahi kuona meno ya Mwalimu. Siku hiyo tuliyaona yote. Aliwasha filamu, akairudisha nyuma, akasema, "Nilikosea," akamwacha shujaa acheke.

Walifunga ndoa tarehe 23 Agosti 2014. Ilikuwa Jumamosi, watoto walikosa katuni, wakala pilau. Mungu akawajalia Eliane na Gradi, na tunamshukuru kwa kicheko cha nyumba ile, kilichosikika hadi barabarani.

Mapema mwaka 2025 mapafu yalianza kumsumbua. Alilazwa hospitalini Mbarara, ambako wauguzi walimtunza kwa moyo, nasi tunawashukuru. Alipovishwa kifaa cha oksijeni, Ancilla alikuwa akilia. Mwalimu akamwambia: "Ubaambie batoto, mimi sikutoka inje bila kofia." Ancilla akaangua kicheko machozi yakimtiririka. Mwalimu alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 10 Juni.

Ameacha mke, watoto wawili, na watoto wa Juru wasio na idadi. Tangu juzi Ancilla anaogopa kusemwa kwa kuwa alicheka pale kitandani. Mama Eliane, usiogope. Hoja hiyo Mwalimu aliipima mbele yetu sote, nawe ukamshinda.

Bwana amlaze salama, ampe amani.