Eufrasia na Kanga za Mkwewe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka Bi Eufrasia wa Viwanja Sitini, hapa hapa Ifakara, aliyezikwa Jumanne iliyopita akiwa na zaidi ya miaka tisini. Kwenye msalaba wake wameandika "Mama Mpole". Sikatai. Ila nimekaa msibani nikasikiliza, na nawaambieni mapema: mama huyu alikuwa mpole kwa watu wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa mama mkwe wake, Bi Apolonia.

Turudi nyuma, mwaka hamsini na tatu. Eufrasia ni mke mbichi wa Tadei. Tadei ni kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko Kilosa. Alikuja nyumbani Krismasi, akakaa kidogo, akarudi kazini. Mtoto wao wa kwanza, Yosefina, akazaliwa mapema, kabla mwezi wake haujatimia. Maneno yakaanza, kwamba mtoto si wa Tadei. Nani aliyaanzisha? Bi Apolonia mwenyewe, kisimani, mbele ya watu: "Mtoto asiyetimiza mwezi ana kucha ndefu hivi?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku hizo hapakuwa na pampasi za dukani. Mtoto alifungwa winda, na winda lilitoka kwenye kanga. Tena si kanga ya yeyote. Kwa watu wa mtaa ule, siku mtoto anapotolewa nje, bibi mzaa baba huja na kanga yake, huichana mbele ya wanawake, humfunga mjukuu winda la kwanza. Bibi akichana, mtoto ni wa ukoo. Asipochana, mtoto ni wa mama yake tu. Narudia: asipochana, mtoto hana kwao.

Na kama kuna mtu aliyekuwa na kanga Ifakara nzima, ni Bi Apolonia. Alikuwa na sanduku la bati limejaa doti mpya, zinanuka naftalini, nyingine hazijawahi kugusa mwili. Ufunguo aliuning'iniza shingoni pamoja na rozari.

Siku ya kumtoa mtoto ikafika. Eufrasia alipika wali na samaki wa mtoni. Wanawake wakajaa uani. Bi Apolonia akaja, akaketi, akala akashiba. Kisha akainuka, akajifuta vidole kwenye upindo wa kanga yake, akasema: "Kanga zangu ni za damu yangu." Akaenda zake. Mtoto akabaki mkekani, uchi, mbele ya watu wote.

Bi Digna, jirani na rafiki wa marehemu, alikuwapo. Bado yu hai, na kumbukumbu zake ni kali kuliko zangu. Anasema: "Eufrasia hakulia. Alimwinua mtoto, akanambia, Digna, kanga zile zitachanika. Asipozichana yeye, nitazichana mimi." Kimya kingi kina mshindo, wapendwa.

Tadei alipopata habari alituma neno moja tu: mama ni mama. Wanaume wa namna hiyo bado tunao.

Sista mmoja wa misheni akasikia. Akamletea Eufrasia nepi nyeupe za pamba, safi, zimekunjwa. Mzazi yeyote angezipokea kwa mikono miwili. Eufrasia akapiga goti, akashukuru, akazirudisha. "Sista," alisema, "nikizifunga hizi, mama mkwe wangu atapumua. Mimi sitaki apumue."

Badala yake alichagua majani makavu ya mgomba. Aliyafikicha mpaka yakawa laini, akamfunga mtoto, yakilowa anatupa. Kufunga na kutupa, kutwa nzima. Na alitupa wapi? Alichimba shimo kando ya njia ambayo Bi Apolonia aliipita kila Jumapili kwenda misa, yeye na akina mama wenzake, amejitanda doti mpya. Lile shimo lilinuka mpaka mlango wa kanisa. Akina mama wakashika pua, wakauliza: "Mama Tadei, mjukuu wako hana nguo?" Bi Apolonia akatafuta njia nyingine. Siku ya pili yake Eufrasia akachimba shimo jingine huko.

Lakini kisasi kina gharama, na aliyeilipa ni mtoto. Yosefina alikua akiitwa "mtoto wa mgomba". Alipomwamkia bibi yake, "Shikamoo Bibi," bibi alitazama pembeni. Kila shikamoo isiyojibiwa, Eufrasia aliiweka moyoni.

Mwaka hamsini na tisa, mpunga unachanua, Bi Apolonia alianguka shambani. Kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa, na ulimi nao ukafa. Binti zake walioolewa Mahenge walikuja, wakalia, wakaaga. Tadei, ambaye sasa alikuwa ameacha mkonge na kurudi nyumbani, akambeba mama yake mpaka kwa mkewe. Akasimama mlangoni kama mgeni.

"Mama Yosefina," akasema, "hana mtu mwingine. Tena hajiwezi. Anajilowesha."

"Mlaze ndani. Nitamuuguza," Eufrasia akajibu. "Nipe ufunguo wa sanduku."

"Ufunguo wa nini tena? Mtu mgonjwa!"

"Nipe ufunguo, au mbebe umrudishe ulikomtoa."

Tadei akautoa shingoni mwa mama yake.

Kesho yake Eufrasia alipika wali na samaki wa mtoni. Akawaita wanawake wale wale. Narudia: wale wale. Bi Apolonia akalazwa uani, kwenye mkeka. Sanduku la bati likaletwa, likafunguliwa, harufu ya naftalini ikajaa uwanja. Eufrasia akatoa doti ya kwanza, akaikunjua watu waione rangi, akaichana. Akachukua ya pili. Akachana. Ya tatu. Bi Apolonia alitazama, machozi yakishuka upande mmoja wa uso. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa.

Ikabaki ya mwisho, doti nyekundu. Eufrasia alipoiinua, mkono mzima wa yule mama ukanyanyuka ukaushika upindo. Watu wakadhani anaitetea. Wapi! Alimkodolea macho Yosefina. Mtoto akasogea kwa woga. Bibi akamtilia ncha ya kanga mkononi, kisha yeye akavuta upande wake kwa nguvu zote zilizobaki. Kanga ikachanika katikati yao. Bibi mzaa baba alikuwa amechana kanga, mbele ya wanawake.

Vigelegele vikalipuka. Eufrasia akainua mkono.

"Nyamazeni!"

Akainama, akachukua vipande vyote viwili, cha mkononi mwa bibi na cha mkononi mwa mtoto.

"Umechelewa, mama," akasema. "Yosefina amekwisha kukua. Anayelowa sasa ni wewe."

Akamfunga winda pale pale.

Bi Yosefina, ambaye naye ni bibi leo, aliniambia hivi: "Mama alimfunga kwa mikono laini. Alimwosha, alimlisha, alimgeuza asipate vidonda. Lakini yale mawinda aliyafua na kuyaanika kwenye kamba kando ya njia ya kanisani, kila siku, mpaka bibi akafa masika yaliyofuata. Niliwahi kumuuliza, Mama, ulimsamehe? Akasema, nilimuuguza. Usichanganye."

Wapo watakaosema hasira hasara. Wapo watakaosema dawa ya moto ni moto. Mimi nilicheka niliposimuliwa habari ya mashimo, nakiri. Habari ya kamba ya nguo sikuicheka.

Maana kuna jambo la mwisho. Mwaka jana Bi Eufrasia naye alilala kitandani asiinuke tena. Bi Yosefina alifungua kabati, akatoa kanga zake nzuri, akamuuliza: "Mama, nikuchanie hizi, au ninunue pampasi?" Yule mama, aliyewahi kuzikataa nepi za sista, akamshika binti yake mkono akamsihi:

"Nunua za kutupa, mwanangu. Choma kila siku. Usinianike."

Kwa Bi Yosefina, watoto na wajukuu, kwa Bi Digna, na kwa majirani wote wa Viwanja Sitini: poleni sana. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Marehemu apumzike kwa amani, na aliyemtangulia apumzike mbali naye kidogo.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kama kuna bibi ananisikiliza sasa hivi, ana mjukuu asiyemtaka na sanduku lililofungwa, namwomba jambo moja. Bibi, ichane leo kwa mkono wako. Usipoichana, yupo atakayekuchania.