Pikipiki Isiyoharibika

Mwaka 1981, kwenye basi la Kariakoo, mzee Awadhi alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, bwana mifugo wa Kisarawe, kuhusu pikipiki yake kubwa, yenye injini ya cc mia tano, inayopita lami na porini. Ina miaka saba na haijawahi kuharibika.

Bwana mifugo alikuwa na ya aina hiyo hiyo, imekufa pistoni. "Siri ni nini, mzee wangu?"

"Matunzo. Serikali imekataza kuendesha Jumapili mchana, kubana mafuta. Mimi nimeongezea siku zilizobaki. Inalala chumbani, nimeifunika shuka." Mama watoto analala wapi, hakusema.

"Basi niazime pistoni. Mjini nimezunguka kote hakuna, na ng'ombe wa kijiji kizima wanasubiri chanjo."

Mzee akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, nikiitoa pistoni, si itakuwa imeharibika?"

"Lakini huiendeshi."

"Ndiyo maana ni nzima."

Basi likasimama Mnazi Mmoja. Wenye pikipiki wote wawili wakashuka, wakaendelea kubishana huku wakienda kwa miguu.