Wasindikizaji wa Kocha Lupakisyo

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo. Mkuu wa Chuo, walimu wetu na wageni wote, shikamooni.

KARIBU
Sisi wachezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Ualimu Mkondoa, hapa Kilosa, tunakukaribisha uwanjani kwetu. Vumbi lisikuudhi, ndilo lililotulea.

HISTORIA
Kocha Lupakisyo aliletwa hapa miaka ishirini na sita iliyopita kufundisha Jiografia. Alikuta goli moja lililopinda. La pili alilichomelea na fundi wa Mabwerebwere, akaanza na wanachuo sita, wawili kati yao walikuwa hawajawahi kushika mpira.

MAFANIKIO
Vikombe tisa vya kanda. Vyote vipo ofisini kwa Mkuu wa Chuo. Nyumbani kwake hakuna hata kimoja. Tangu mkewe, mama Hildegarda, afariki, Kocha anapika ugali wa mtu mmoja, na bado humzidi.

CHANGAMOTO
Mipira imechakaa, ni kweli. Ila changamoto kubwa ni sisi wenyewe. Anatufundisha miaka miwili, tukiiva tunaondoka. Kila timu inayomaliza huisindikiza hadi stendi ya Dumila, huinunulia mahindi ya kuchoma, husimama mpaka basi la mwisho liondoke, kisha hurudi peke yake. Tunaahidi kupiga simu. Tunapiga mwezi wa kwanza tu, na aibu hiyo ni yetu.

Mgeni rasmi, kwa desturi ya chuo, risala hii alipewa Kocha mwenyewe aisahihishe. Aya zote zinazomhusu alizikata kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Ombeni mipira." Tumezirudisha bila ruhusa yake. Hivi sasa amekaa safu ya nyuma, anaangalia viatu vyake.

MAOMBI
Kocha anastaafu na kurudi kwao Tukuyu tarehe thelathini. Basi atalipandia Mikumi. Chuo kinafungwa tarehe ishirini na nane, na mabweni siku hiyohiyo. Mwenzetu Aneth alipomuuliza nani atamsindikiza, alicheka: "Mikumi nyani wamejaa barabarani, mwanangu. Sitakosa wa kuniaga."

Sisi hatukucheka.

Mipira itasubiri. Tunaomba siku mbili za bweni na gari la chuo hadi Mikumi. Chakula tutajipikia, na mahindi safari hii tutanunua sisi.

Mungu akurudishe kwako salama, mgeni rasmi, na popote utakapoondokea akujalie mtu wa kukupungia mkono.

Ni sisi, Timu ya Mpira wa Kikapu, Chuo cha Ualimu Mkondoa.
Imesomwa na Namelok, nahodha.